Batuli Aliyesema La

Katika mtaa wa Mkomani, Lamu, miaka michache kabla ya vita vya Mwingereza na Mjarumani, Batuli binti Abdulhadi alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni sauti yake. La pili ni kwamba aliposwa, akaulizwa, akasema la.

Habari ya sauti ni fupi. Shangazi yake, Bi Mwanaarabu, alimfundisha Kurani nyumbani, na kwa shangazi huyo huyo alipokea hadithi ndefu ya mapenzi ambayo wanawake wa nyumba ile walirithishana kwa kuihifadhi moyoni. Mtoto wa sultani anamtaka binti wa mchimba visima, binti anamkataa, kijana anauacha ufalme na kwenda kubeba maji katika mji wa mbali, mpaka siku moja binti mwenyewe anafunga safari kumtafuta. Baada ya sala ya adhuhuri majirani walikuja na kofia zao za kushona, wakaketi ndani, na Batuli akasimulia huku sindano zikienda. Hadithi ikiisha huzuka ubishi ule ule: kati ya wapenzi hawa wawili, nani aligeuka zaidi?

"Mwanamume," Batuli alikuwa akisema. "Alikuwa na kiburi, kikamtoka. Mwanamke hakuwa na la kugeuza. Alikuwa sawa tangu mwanzo."

Jirani yao mmoja, Umi, mzaliwa wa Kipungani aliyeolewa mjini, alimwuliza siku moja, "Basi aliyefunga safari kumtafuta mwenziwe ni nani? Si yeye?" Batuli alicheka tu. Aliona Umi, mtu wa kusuka mikeka, hakuifahamu hadithi.

Poso ilitoka kwa Bwana Jaafar, aliyekuwa na mashamba ya mtama na ufuta ng'ambo, bara, nyuma ya Mokowe. Mashamba yale yalilimwa na watumwa wake, kama yalivyolimwa mashamba mengi ya wakubwa wa Lamu. Alimposea mwanawe, Jeilani. Nyumba ya Abdulhadi ilikuwa ya mawe, kuta zake zimechongwa chokaa kwa ustadi wa zamani, ila mbali na jina hapakuwa na kitu cha kutaja. Wazee wawili walikubaliana. Batuli hakuwa na neno. Jeilani alikuwa kijana wa sura nzuri, na Batuli, akiwa dirishani, alishapata kumwona akipita.

Siku chache kabla ya nikaha, Jeilani aliketi na marafiki zake barazani pa jirani wa Abdulhadi. Hakujua dirisha lililo juu ya kichwa chake ni la nani. Rafiki mmoja alimtania kwamba huenda binti mwenyewe hamtaki.

"Hanitaki?" Jeilani akasema. "Nyumba ile imebaki jina tu. Mimi nitapata jina, wao watashukuru. Na binti atazoea. Nani amemuuliza?"

Wakacheka. Juu, Batuli alikuwa ameshika kofia mkononi. Hakumwambia mtu.

Ikaja siku ya nikaha. Kwa desturi, mashahidi wawili husimama nyuma ya pazia na kumuuliza mwanamwali kama ameridhika, naye hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa. Wanawake walikuwa wamejaa ndani, udi unafuka. Sauti ya shahidi ikauliza. Batuli akajibu kwa sauti ile ile ya kusimulia, hata waliokuwa ukumbini wakasikia: "La. Sikuridhika."

Shahidi akadhani amesikia vibaya, akauliza tena. Akajibiwa vile vile.

Baba yake angeweza kumwoza kwa nguvu, sheria ilimruhusu. Hakufanya hivyo. Alitoka kwa wageni akasema, "Mniwie radhi. Sifungi ndoa ya kilio." Wageni wakatawanyika na biriani likagawiwa majirani. Abdulhadi hakumsemesha bintiye muda mrefu, na Bi Mwanaarabu alimsemesha kupita kiasi. Jeilani, kwa upande wake, alikaa akijiuliza kosa lake, mpaka rafiki yake mmoja alipolitazama lile dirisha na kumwonyesha. Inasemekana alibadilika rangi.

Haukupita muda serikali ikafuta utumwa pwani yote. Ng'ambo, mashamba ya Bwana Jaafar yakabaki na ndege. Mzee hakuyaweza mabadiliko yale, akaugua, akafa. Jeilani akavuka kwenda kuwarudisha watu kazini. Alimkuta Feruzi, mtumwa wa zamani aliyekuwa msimamizi wa shamba, amejenga kibanda chake kando ya kisima.

"Bwana, nakuamkia," Feruzi alimwambia, "lakini jembe lako silishiki tena."

"Na shamba life?"

"Shamba ni la nani?"

Jeilani alirudi mjini, akakaa, mvua zikakaribia, akavuka tena. Safari hii alishika jembe mwenyewe. Kufika alasiri viganja vilikuwa vimechubuka, na Feruzi, aliyekuwa akimtazama kutoka mlangoni, akamwita ale. Walikula sinia moja. Hapo ndipo walipopatana kulima kwa nusu kwa nusu: ardhi ya Jeilani, nguvu za wote wawili, mavuno sawa.

Mjini watu walicheka. Mwana wa Jaafar amekuwa mkulima! Hushuka chomboni na matope miguuni, na tena siku hizi huwaamkia watu kabla hajaamkiwa, hata wachukuzi wa pwani. Habari hizi zililetwa kwa Batuli pamoja na kofia na sindano.

"Ni shida tu," alisema. "Njaa humfunza mtu adabu. Mpeni shibe mtamwona."

Lakini kufutwa kwa utumwa kulikuwa kumeingia nyumbani kwake pia. Zafarani, mtumwa wa nyumba ile, ndiye aliyembeba Batuli mgongoni, akamwogesha, akamlaza. Amri ilipotoka, Zafarani alifunga nguo zake katika leso, akaaga, akavuka kwenda bara, akaolewa na Feruzi. Batuli alilia, kisha akakasirika. "Hakukosa chakula hapa wala nguo," alikuwa akisema. "Tulimweka kama mmoja wetu, naye ametuacha bila kutazama nyuma." Hakuna aliyembishia. Kila nyumba ya jiwe ilikuwa ikisema hayo hayo.

Siku moja ikaja habari kwamba Zafarani ni mgonjwa sana. Batuli akasema atakwenda. Bi Mwanaarabu akapiga kelele: atakwendaje? Zamani mwanamke wa watu hakutoka ila ndani ya shiraa, ile hema ya kitambaa iliyobebwa kwa miti, yeye akitembea katikati asionekane. Sasa wabebaji walikuwa wamekwenda zao na shiraa ya nyumba ilikuwa imekunjwa juu ya kabati. Batuli akavaa buibui kama wanawake wengine walivyoanza kuvaa, akatoka kwa miguu yake na kaka yake Hashim. Watu waligeuka kumtazama. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba ile ndia, njia ya kutoka mlangoni mpaka pwani, ilikuwa ndefu kuliko bahari.

Walivuka, na walipofika shambani Hashim alibaki kisimani kuwanywesha punda wa mizigo waliowakodi Mokowe. Batuli alitangulia peke yake. Mlangoni pa kibanda alikuwa amechutama mwanamume, mikono ya kanzu ameikunja, anakoroga uji na moshi umemwingia machoni. Alikuwa Jeilani. Akaona buibui, asijue ni nani, akainamisha macho.

"Karibu, Bi. Mgonjwa yuko ndani. Mumewe amekwenda kutafuta dawa, nami nimeachiwa uji. Ukiweza kumnywesha utakuwa umenisaidia, maana kwangu hunywa kidogo. Asema nimeuunguza."

Batuli alipokea bakuli bila kutoa sauti, akiogopa Jeilani ataitambua.

Ndani, Zafarani alikuwa amekonda lakini macho yake ni yale yale. Batuli alipojifunua uso, Zafarani alitabasamu. "Umekuya," akasema. "Kwa ndia gani?"

"Kwa miguu." Kisha Batuli, kabla hata hajamnywesha, akamwuliza lile lililomkaa rohoni: "Zafarani, tulikukosea nini hata ukatuacha vile?"

"Siku ya nikaha yako nilikuwa nimesimama nyuma yako, nimeshika chetezo. Wakaya watu wawili na heshima zao, wakakuuliza, ukasema la, wakatoka. Nikastaajabu. Mimi nilichukuliwa kwetu mdogo, nikaletwa nti hii, nikauzwa, nikaletwa kwenu. Mwanangu alichukuliwa nami nikakunyonyesha wewe. Kote huko sikuulizwa na mtu. Hata wewe hukuniuliza. Hukuwahi kuniuliza hata jina langu la kwetu."

Batuli hakujua kwamba palikuwa na mtoto. Alikuwa ameishi naye nyumba moja maisha yake yote. Alitaka kusema kwamba hayakuwa makosa yake, kwamba alikuwa mtoto, kwamba ndivyo mji ulivyokuwa. Akayaona maneno hayo yote yako tayari mdomoni, akayameza.

"Nisamehe," akasema.

"Ninyweshe uji kwanza," Zafarani akajibu. "Umeungua, lakini ni wa moto."

Batuli alikaa mpaka alasiri. Alipotoka, Hashim na Jeilani walikuwa wakizungumza, na Jeilani akafahamu aliyekuja ni nani. Alisimama.

"Nilisema maneno mabaya chini ya dirisha lenu," akasema, macho yake chini. "Sikupata pa kuyaombea radhi."

"Nami niliyasikia nikadhani nimekujua kabisa," Batuli akamjibu. "Mimi pia nimetoka kuomba radhi sasa hivi, na sijui kama nimepata."

Hashim alikohoa, wakaenda zao.

Zafarani alipona. Batuli aliendelea kuvuka kumtazama, na mwaka uliofuata poso ikaletwa tena. Safari hii Jeilani alituma kwanza kuuliza kama Batuli mwenyewe angependa iletwe. Walioana bila ngoma kubwa.

Kofia na sindano zikaendelea, na majirani sasa walikuwa na wapenzi wa kubishania walio karibu kuliko mtoto wa sultani. Bi Mwanaarabu alishika kwamba Jeilani ndiye aliyegeuka: tazameni mikono yake. Umi akasema mikono ni rahisi, kila mtu huiona. Batuli alipoulizwa alisema, "Yeye alipoteza alichokuwa nacho, akalazimika. Mimi sikupoteza kitu, ningeweza kukaa vile vile hata kufa, na kila mtu angesema mimi ni mwema. Mimi nilikuwa na safari ndefu zaidi." Jeilani hakukubali. Alisema mkewe apenda kushinda kila ubishi, hata wa makosa.

Msimu wa kupanda walihamia bara, katika nyumba ya udongo na makuti, jambo lililowatia uchungu jamaa. Batuli alipanda ufuta kwa mistari iliyopinda na Feruzi akamwachia.

Zafarani hakurudi kuishi mjini. Alikuja mara moja tu, sikukuu ya Idi, vita vikiwa vimeshaanza na mchele ni adimu. Alibisha hodi mlango wa mbele wa nyumba ya Abdulhadi. Batuli akamkalisha kitini, akamimina kahawa, akampa kikombe kwa mikono miwili.

"Karibu, Bi Zafarani."

Bi Mwanaarabu aliinuka, akaingia chumba cha ndani, hakutoka mpaka mgeni alipokwisha kwenda. Zafarani alikunywa kahawa yake taratibu, akaomba kikombe cha pili, na alipokuwa akikinywa alimtajia Batuli jina alilopewa na mama yake.