Kidole cha Shalabi

Attiyat hakujua kunong'ona. Akimsalimia mtu ng'ambo ya mfereji, bata wa nyumba tatu huitikia. Kwa sauti hiyo alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji cha Kafr Shusha, Misri, tangu afiwe na mumewe, akipita nyumba hadi nyumba na mkoba wake mweusi, akihimiza chanjo, akipima watoto uzito, akiwafokea wanaume wanaovuta sigara mbele ya wajawazito. Watu walimcheka, walimkimbia, na wakifikwa na shida walimwita yeye kwanza.

Asubuhi ile aliingia kwa kaka yake Shalabi mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Shalabi alikuwa barazani na mkewe Sabriya, wanakunywa chai.

"Kaka, utapimwa," alisema akihema. "Na hakuna atakayekugusa mkono."

Sabriya aliweka glasi chini polepole. Jambo la mkono wa Shalabi lilimhusu kuliko mtu yeyote.

Wanaume wa rika la Shalabi walipangwa mstari uwanjani shuleni, utotoni, wakadungwa sindano za kichocho, na sindano iliyotoka kwa huyu iliingia kwa yule. Kichocho kikaondoka. Homa ya ini C ikaingia, ikajikalia kimya miaka na miaka. Siku hizi dawa yake ipo, vidonge vya kumeza tu, na jirani zake kadhaa walishapona wakarudi kugombania maji ya mashamba kama zamani. Lakini hupewi vidonge bila kupimwa, na Shalabi alikwenda kupimwa mara moja tu. Mjini walimtafuta mshipa mkono wa kulia, wakahamia wa kushoto, wakarudi wa kulia, mpaka akatoka na mikono imevilia damu, akala kiapo cha talaka mbele ya watu: bomba la sindano likiingia tena mkononi mwake, Sabriya ameachika. Mwanamke wa watu akawa anaishi kwenye ndoa inayoning'inia kwenye mshipa.

Na Attiyat alikuwa anaona. Aliona kaka yake akikaa chini katikati ya palizi, aliona weupe wa macho yake ukigeuka rangi. Baba yao alifika hapohapo, kisha tumbo likajaa maji, kisha akatapika damu. Ni Shalabi aliyeacha shule siku ile, hata jina lake hajajua kuliandika, akashika jembe, akamlea Attiyat mpaka akamwoza. Ndiyo maana alikuwa anakimbia na kiatu kimoja.

Aliwaeleza alichofundishwa na Daktari Mirvat kwenye zahanati. Unachomwa kidogo kwenye ncha ya kidole, damu inaingia kwenye miduara ya kadi ya karatasi nzito, inakaushwa kivulini, inatiwa bahasha, inapelekwa maabara mjini Mansura. Hakuna bomba, hakuna chupa, hakuna mkono.

"Wifi," Sabriya aliuliza, "una hakika kidole hakimo kwenye kiapo?"

Shalabi alicheka, na alipocheka Attiyat alijua amempata.

Habari zikaenea, na alasiri hiyohiyo wazee walijaa barazani. Shalabi akatangulia. Attiyat akamchoma, damu ikatokeza, akamsogezea kadi, akamwonyesha mduara. "Weka hapa, kaka." Na Shalabi akafanya kile ambacho mtu yeyote wa Kafr Shusha asiyejua kuandika hufanya akionyeshwa mahali kwenye karatasi ya serikali. Alikibonyeza kidole kwa nguvu zake zote, akakibiringisha kushoto na kulia, ili kesho mtu asije kukana kuwa ni chake. Waliomfuata walifanya vivyo hivyo, kila mmoja akitaka alama yake ionekane vizuri kuliko ya mwenzake. Attiyat alizitazama zile kadi akaona zimependeza.

Maabara ikazirudisha zote. Daktari Mirvat alizitandaza mezani akamwambia kwa upole kwamba walitaka tone lidondoke lenyewe na kulowa, kidole kisiguse karatasi, na kwamba hilo alilisema mwanzoni kabisa. Ni kweli alilisema. Lakini Attiyat aliposikia kwamba hakuna bomba, furaha ilimziba masikio, na yaliyofuata hakuyasikia. Alitoka pale kimya, na waliomwona njiani wakadhani kuna msiba.

Kwa Shalabi ulikuwa msiba kweli. Alisikiliza nusu tu, akasimama, akachukua jembe.

"Pamba yangu iliwahi kurudishwa, wakasema chafu, nikanyamaza," alisema. "Sasa wamerudisha na damu. Waache. Kama ni ile ya baba, basi ni ile ya baba."

Akaenda zake shambani. Sabriya akalia, na Attiyat akalikunja gauni lake, akavua viatu vyote viwili, akamfuata hadi ndani ya maji ya mpunga.

"Damu yako haina kosa, nimekosea mimi," alimwambia, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ya chini. "Nilikwambia uweke, na haikuwa ya kuweka. Kaka, baba hakurudishiwa hata karatasi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Wewe wanakuuliza mara ya pili, na unakwenda kupalilia?"

Shalabi aliliegemea jembe. "Na ikirudi tena?"

"Nitaibeba kwa miguu mpaka Mansura, niwamwagie wenyewe."

"Hilo utafanya kweli," alisema, na akaanza kutoka majini.

Safari hii Attiyat hakuharakisha. Alipika birika la karkade, chai nyekundu ya maua, akawapanga wazee, akawafundisha kuchovya kidole na kuacha tone lidondoke kwenye karatasi bila kugusa. Ilikuwa raha tupu. Watu wazima na ndevu zao walikuwa wanakodolea macho tone la chai, na kila aliyebonyeza alizomewa na baraza zima. Wanawake waliacha mikate tanurini wakaja kutazama.

Zamu ya Shalabi ilipofika, damu haikutoka. Ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu kama kisigino. Attiyat akamshikisha glasi ya chai ya moto mpaka vidole vikapata joto, akachoma tena, akamwambia auinamishe mkono. Tone likavimba, likaning'inia, likakataa, kisha likaanguka katikati ya mduara, likaenea mpaka ukingoni. Hapo walishangilia utadhani timu yao imefunga bao. Kadi zilikaushwa chumbani kwa Sabriya, zimeegemezwa kwenye vikombe zisigusane, na Attiyat akakaa mlangoni na fimbo, bata wasiingie.

Jibu lilipokuja, Daktari Mirvat alimwita yeye kwanza. Damu ya Shalabi ilikuwa na virusi, na ini lilikuwa bado linatibika. Attiyat akapiga vigelegele palepale zahanatini, vikasikika mpaka sokoni. Sabriya alipofika na kuambiwa, alimshika bega. "Wifi, mume wangu mgonjwa wewe unashangilia?"

"Mgonjwa alikuwa tangu zamani," Attiyat alisema huku machozi yanamtoka. "Leo ndiyo amepata dawa."

Walikwenda wote watatu kuchukua vidonge. Mtoa dawa alivihesabu, akavisukuma mbele, akauliza kama mzee anajua kutia sahihi. Hajui. Basi akamfungulia kidau cha wino, akamwonyesha mahali.

Shalabi alichovya dole gumba. Akalileta juu ya karatasi, akaliinamisha, akatulia. Mtoa dawa akangoja. Foleni ikangoja. Shalabi alikuwa amekodoa macho, amebana pumzi, analisubiri tone.

Attiyat alitaka kucheka, ikamtoka kwikwi. Aliuweka mkono wake juu ya mkono ule uliomlea.

"Hii ni ya kubonyeza, kaka," alimwambia. "Bonyeza."

Naye akabonyeza, kwa nguvu zake zote, akakibiringisha kidole kushoto na kulia.