Rufaa Yangu na Kichwa Kilichonyolewa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka harufu ya wino wake. Nilikuwa nimesimama nje ya mahakama ya Kitale, mbele ya meza ya mpiga chapa mmoja, mama wa kutoka Bungoma aliyeitwa Nafula, nikingoja amalize kusoma barua yangu. Nilikuwa naliomba jeshi linibadilishie cheti cha kuachishwa kazi, maana kile nilichopewa kilisema tabia yangu haikuridhisha. Mama Nafula akasoma hadi mwisho, akaigeuza karatasi kuangalia kama kuna kitu nyuma, kisha akanirudishia.

"Hii si lufaa, kijana," akasema. "Hii ni toba. Umeomba msamaha mara tisa, nimehesabu. Sasa hapa umesema ulifanya nini?"

Nakwambia haya kwa sababu nimeiona ile bahasha ya kahawia uliyokuja nayo kutoka kambini, ambayo umeichomeka ndani ya Biblia ya mama yako ukidhani hakuna anayeisoma humu ndani. Sijaifungua. Lakini naijua, maana na mimi niliwahi kuwa na yangu.

Yangu ilikuja hivi. Baba alifariki kwetu Chwele nikiwa askari kijana, nikapewa ruhusa ya siku saba. Ndugu zake walikuwa wanatoka mbali, kwa hiyo tukamzika siku ya saba yenyewe. Na wewe unajua kwetu Wabukusu msiba hauishii kaburini. Siku ya tatu baada ya mazishi watu hunyolewa, wazee huketi, mambo ya boma husemwa, na mtoto wa kwanza wa kiume hawezi kukosekana. Mtoto wa kwanza nilikuwa mimi. Nikabaki, nikanyolewa, nikafika kambini nimechelewa siku nne.

Afisa wangu hakuwa mtu mbaya. Aliuliza swali moja tu: "Una la kusema?" Nami nikajibu, "Hapana, afande." Mpaka leo hujiuliza jibu hilo lilitoka wapi. Nadhani niliona haya. Yeye hakuwa mtu wa kwetu, nikaona nikimwambia nilichelewa kwa ajili ya kunyolewa atacheka, na wenzangu watanipa jina la kudumu. Tena nilikuwa na onyo jingine tayari, nililala zamuni, na hilo lilikuwa kosa langu tupu. Yakajumlishwa mawili, nikaachishwa kazi.

Hapa ndipo panaponichekesha uzeeni. Ushahidi wangu wote ulikuwa kichwani. Kwetu mtu yeyote angenitazama angejua nimetoka msibani. Lakini jeshini, mwanangu, nani hajanyolewa? Nilisimama mbele ya yule afisa kichwa kinang'aa, nikitumaini moyoni kwamba labda ataona mwenyewe. Angeonaje?

Nikarudi Chwele, nikakificha cheti chini ya godoro. Hata mama yangu sikumwonyesha. Watu wasipoambiwa kitu hujiambia wenyewe, na ikawa ati niliuza bunduki. Baadaye ikawa ati nilimpiga mkubwa wangu. Mama alikuwa na meza ya vitunguu pale sokoni, akaanza kuona wenzake wananyamaza akifika. Hakuniuliza neno. Alianza tu kufunga meza mapema na kurudi nyumbani peke yake, na hilo liliniuma kuliko kukosa kazi. Kwa ajili yake ndipo nikaenda Kitale na ile barua.

Basi pale mezani nikamsimulia Mama Nafula yote, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumweleza mtu. Alikuwa mwanamke mwenye hamu ya kujua. Nani alikunyoa? Yuko hai? Chifu alikuwepo mazishini? Kwa nini hukutuma hata neno kambini? Hilo la mwisho nikakiri ni kosa langu.

"Si uandike hivyo basi," akasema, akitia karatasi mpya kwenye taipureta. "Andika hukutuma neno, ni makosa. Ile ya kulala zamuni, andika. Lakini hizi siku nne, lufaa inataka kujua ulikuwa wapi. Hao wakubwa hawawezi kusoma kichwa yako, bana."

Nikarudi Chwele kutafuta mashahidi. Chifu akaniandikia barua. Mzee aliyeninyoa hakujua kuandika, kwa hiyo akaandikiwa, akaweka kidole gumba. Alikuwa na swali lake pia. "Kwani hao watu hawakuona umenyolewa?"

Baada ya miezi mingi nikaitwa mbele ya maafisa watatu. Wa katikati alisoma maneno ya yule mzee, akavua miwani, nami nikajua kicheko nilichokiogopa siku zote ndicho hiki kinakuja. Akaniuliza, "Hiyo kunyolewa inafanywa na nani? Na wewe ukikosa inakuwa aje?" Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nikamweleza, naye akawa anaandika. Niliondoka nikijiuliza kama yule afisa wa kwanza naye angetaka kujua. Sitapata jibu la hilo.

Cheti kipya kilikuja, na sasa kilisema tabia yangu inaridhisha. Onyo la zamu lilibaki, na lilistahili kubaki. Nikakipeleka sokoni mchana, pamoja na barua fupi iliyofuatana nacho, wanawake wote wakiwa kwenye meza zao. Mama hakujua Kiingereza. Nikaanza kumweleza habari ya tabia, akanikatiza.

"Baba yako wamemwandika?"

Nikautafuta mstari huo kwenye barua. Nikamsomea kwamba nilichelewa kwa sababu ya msiba wa baba yangu, nikiwa mtoto wake wa kwanza. Akaniambia nisome tena, kwa sauti. Nikasoma. Mama wa meza ya pili akaacha kupanga nyanya zake, akasikiliza. Mama yangu akaikunja ile barua, akaifunga kwenye pindo la leso yake, na siku hiyo alifunga meza pamoja na wengine wote.

Kwa hiyo, mwanangu, itoe ile bahasha kwenye Biblia. Isome mpaka karatasi ya mwisho, kwa sababu siku za kukata rufaa huandikwa humo, na zinakwisha. Kosa lililo lako liite kwa jina lake, usilipunguze. Lakini na sababu yako iseme, hata ukiona haya, na usingoje mtu aisome usoni mwako. Mimi nami nina kosa langu. Una siku tatu humu nyumbani na sijakuuliza kitu, na kati ya watu wote mimi ndiye niliyepaswa kuuliza. Kesho asubuhi njoo unikute kwa ng'ombe. Nitakuuliza kama una la kusema. Ukisema hapana, nitauliza tena.

Mungu akupe ulimi wa kulisema lililo lako, na kila mlango utakaoubisha, akuwekee nyuma yake mtu mwenye hamu ya kujua.