Programu Iliyoshinda kwa Salamu

Programu iliyoshinda katika jaribio letu la kwanza haikuwa imejibu swali hata moja. Nilipoyaona matokeo nilikwenda dirishani, nikarudi, nikayasoma tena. Bado ilikuwa inaongoza kwa mbali.

Jaribio lilikuwa la dada yangu. Yeye ni mhudumu wa afya wa kujitolea huko Mathare, na simu yake haipumziki. Kina mama wenye watoto wachanga humwandikia kuhusu homa, kuhara, kitovu kisichokauka. Zahanati yake ilikuwa imemwomba achague programu moja ya kompyuta, zile zinazosoma ujumbe na kujibu kwa maneno, iwe inawajibu wakati yeye yuko nyumbani kwa mgonjwa mwingine.

"Nikichagua vibaya," aliniambia, "atakayeumia si mimi. Ni mtoto wa mtu."

Nilipakua programu mbili kwenye saiba, duka la intaneti, mtaani Baba Dogo, ambako mtandao una nguvu, nikarudi nazo nyumbani Huruma. Sebuleni nikatengeneza ukurasa unaofunguka kama tovuti yoyote ila hautoki nje ya laptop yangu. Juu palikuwa na sanduku la kuandikia. Chini, majibu mawili, kushoto na kulia, kila moja na kitufe chake cha kura. Majina ya programu niliyaficha ili mtu apigie kura jibu lenyewe. Mwanzoni ukurasa ulikataa kabisa, weupe mtupu. Kisha upande wa kushoto ukaongea, na baadaye wa kulia. Stima ikapotea mtaa mzima, lakini laptop ilikuwa na chaji, na zile programu zikaendelea kujibu gizani kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilifurahi peke yangu.

Jumamosi kina mama wakaja. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, muuza mitumba, alikaa wa kwanza. Akaandika "Niaje", akangoja.

"Uliza swali, mama."

"Wewe! Utammwagiaje mtu shida zako na hata hamjasalimiana?"

Kushoto ikajibu: "Poa sana! Wewe na mtoto mko aje?" Kulia ikaandika aya nzima kueleza yenyewe ni nini.

"Huyu wa kulia anaongea kama landlord siku ya kufungia watu nyumba kwa deni la kodi," akasema, na sebule yote ikacheka. Akabonyeza kushoto.

Nikaenda jikoni kuangalia chai. Muuza vitambaa aliyemfuata aliandika "Asalaam aleikum", akaitikiwa vizuri, naye akabonyeza kushoto. Wote wakafanya hivyo. Nilikuwa nimeuunda ukurasa upokee ujumbe mmoja na kura moja, kisha uandike "Asante". Na mtu akishaambiwa asante, anainuka na kumpisha mwenzake.

Dada alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akasema: "Kwa hivyo bado hatujui kama inaelewa homa."

Nikaurekebisha ukurasa, mazungumzo yaendelee hadi mtu mwenyewe aseme amemaliza. Jumamosi iliyofuata wakarudi wote, na wengine wapya. Baada ya salamu, muuza mitumba akaandika: "Mtoi ako na joto na hanyonyi." Kulia ikasema apelekwe hospitali sasa hivi. Kushoto ikampa pole tamu, ikamwambia ampanguse kwa maji na amwache apumzike. Kina mama wakaichagua kushoto tena.

"Hapana," dada akasema. "Mtoto mchanga asiyenyonya hangoji kupanguswa."

"Lakini huyo wa kulia nani atamwandikia?" muuza vitambaa akauliza. "Mimi nikiwa na hofu nataka mtu, sitaki tangazo."

Dada hakumbishia. Alivuta kiti, tukaandika pamoja maelekezo ambayo programu ya kushoto ingeyasoma kabla ya kujibu: mtoto mchanga asiponyonya, mwambie mama aende zahanati kabla ya neno lingine lolote, pole ifuate. Tukarudia ujumbe uleule. Kushoto ikasema nenda zahanati sasa, kisha ikatoa pole. Kina mama wakapiga makofi, na dada akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Halafu muuza vitambaa akaandika kwa namna yake: "Mwanangu hataki titi tangu asubuhi." Kushoto ikamshauri ajaribu tena baada ya kupumzika.

Tumebadilisha maelekezo, sasa yanataja na "hataki titi". Kina mama wameahidi kuja Jumamosi, kila mmoja na namna yake ya kusema. Zahanati inataka jina la programu Jumatatu inayofuata, na dada bado hajaniambia niyafunue majina niliyoyaficha.