Darasa Ambalo Atupele Hakuingia

Ukitaka kumjua Andongwisye wa Mbugani, usiulize habari za shamba lake. Uliza vitabu. Mpunga upo kule Katumba Songwe, na kakao ipo nyuma ya nyumba, lakini jembe la huko kote analishika mkewe, Atupele. Mzee vitabu ndivyo alivyolima. Vimejaa kwenye vyungu vikubwa vya Wakisi, wafinyanzi wa kando ya ziwa, ambavyo watu wenye akili zao huwekea mchele, na kila chungu kimefunikwa sahani ili panya wasiingie.

Tena si vitabu vya kuchekeshana. Ni vya mrengo wa kushoto: ujamaa, ardhi, nani anakula jasho la nani, na riwaya za makuli na wachimba madini waliogoma. Miaka nenda rudi, kila Jumamosi baada ya soko, makomredi wanne walikuja barazani kwake kubishana mpaka makoo yakauke. Atupele alipita na maji ya kunawa, akichuchumaa mbele ya kila mmoja kama mwanamke wa Kinyakyusa anavyolelewa. Wakamshukuru, "Ndaga, mama," kisha wakarudi kwenye mada yao ya usawa. Hakuna aliyecheka. Mimi ningecheka.

Makomredi wenyewe wamekwisha. Hezroni na Aliko tumewazika, Lameck kaokoka na hataki hata kusikia. Amebaki Gwamaka, ambaye yuko mpakani Kasumulu anapigana na makaratasi ya forodha kutwa nzima. Mwaka jana alimpigia mzee simu akamsomea orodha ya vitabu wanavyosoma makomredi wa Dar siku hizi. Kilikuwemo cha mbegu na makampuni, cha madeni ya nchi maskini, riwaya ya wafagizi waliofunga hoteli kwa mgomo, na kimoja kuhusu kazi za nyumbani, kwamba jiko nalo ni kiwanda, ila mfanyakazi wake hana mshahara wala likizo.

"Hicho cha jiko ndicho nikitakacho," mzee akasema.

Kikaja na basi, jalada la njano. Alisoma kurasa arobaini, macho yakaanza kumzimikia. Ilikuwa presha ya macho, na daktari hakumficha: kilichopotea hakirudi. Mvua kubwa zilipoanza, alikuwa anatambua mlango na ukuta, basi.

Kiu ya kusoma haikumwacha. Ipyana na wadogo zake wako mbali. Gwamaka alikuja mara moja, akasoma kurasa mbili, akasinzia. Mzee akawa anakaa uani na fimbo yake akikiwaza kile kitabu, anataka kukimaliza kabla hajafa. Hakuwa na haja nyingine duniani.

Mchana mmoja Atupele alikuwa anageuza kakao mkekani.

"Mama Ipyana, niletee kile cha njano."

Akakileta bila kuuliza kiko chungu gani. Anavijua vyote kwa majalada.

"Fungua hapo nilipoweka unyasi."

"Nimefungua."

Mzee akangoja. Akangoja tena, na ndipo alipotambua kwamba alikuwa anangoja asomewe. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Maana huyu bwana alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima. Mwaka themanini na mbili, pale Katumba Songwe, alifundisha kusoma wanawake sitini, wengine na watoto mgongoni. Atupele naye alikuja siku ya kwanza, na daftari jipya. Alipofika mlangoni akaona benchi la mbele amekaa Mzee Anyelwisye, baba yake Andongwisye, kaja kujifunza. Kwetu mke hakai chumba kimoja na baba mkwe wake, hata macho hayakutani. Akageuka, akapita migombani, akarudi nyumbani.

"Usijali," Andongwisye alimwambia jioni ile. "Wewe nitakufundisha mwenyewe hapa hapa."

Na alikusudia kweli. Mzee Anyelwisye akajua kusoma, akasoma Zaburi zake mpaka akafa. Matanga yalipokwisha, Atupele akalitoa daftari sandukuni. Mume akamwambia, "Ngoja nimalize hiki kitabu." Kikaisha, kikaja kingine. Mke hakuuliza tena, na mume akafurahi kwamba hakuulizwa.

"Lile daftari liko wapi?" mzee akauliza sasa.

"Niliwashia moto. Mwaka ule wa mafuriko kuni zote zililowa."

Mzee akapapasa nafasi kando yake. "Njoo ukae hapa. Niambie herufi ya kwanza ikoje."

"Kijiti. Kina kitumbo."

"Kitumbo kiko upande gani?"

"Upande wa jikoni."

Mzee akageuza kichwa huku na huku, hajui jiko liko wapi. Wakaenda hivyo hivyo, kijiti kwa kijiti, mpaka wakapata neno moja. Radi ikapiga upande wa ziwani.

"Tutaendelea kesho," akasema.

"Kesho napalilia."

"Basi kesho kutwa."

Atupele akakifunga kitabu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza mzee zaidi.

"Baba Ipyana, wakati ule nilitaka. Sasa nimechoka."

Akamwekea kitabu mapajani, akaenda kukusanya kakao. Mzee akausikia mkeka ukikunjwa, jembe likiondolewa njiani, sufuria zikiingizwa ndani. Zile kurasa arobaini zote zilikuwa habari za huyu mwanamke, naye alizisoma huku akisubiri chai yake.

Matone ya kwanza yakaanguka. Atupele akarudi mbio, akakichukua kitabu kisilowe, akakipeleka ndani. Mzee akasikia sahani ikifunikwa juu ya chungu. Akalia, na hakufuta uso.