Siku Kivuli cha Moto Kilipofifia

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa sekondari ya wasichana kule Mbinga, mkaguzi alipokuja kuamua kama fizikia ibaki au tuachiwe ushonaji peke yake. Mimi, mtoto wa Liuli kando ya ziwa, niliyekulia kwenye harufu ya samaki wa mbasa, niliitaka fizikia kuliko chakula. Ikifutwa, safari yangu imeishia hapo.

Mwalimu wetu, Sista Osmunda, Mmatengo wa Maguu asiyejua kubembeleza mtu, alikuwa ametusimulia habari za mwanasayansi wa zamani aliyeweka moto wenye chumvi katikati ya sumaku asione kitu. Miaka ikapita, Mholanzi mmoja akalirudia jaribio lile kwa kifaa bora zaidi, akaona mstari wa njano, ule unaotokea mwanga wa moto wa chumvi ukichambuliwa rangi zake, ukitanuka sumaku ikiwashwa. Baadaye mistari ikaonekana imepasuka kabisa. Tukaamua kumwonyesha mkaguzi jambo hilo. Sumaku tuliitengeneza kwa kuzungushia chuma waya wa mota mbovu ya kukobolea kahawa. Taa ya sodiamu ilimulika moto wenye chumvi tuliouweka katikati ya sumaku hiyo, na moto ule, kwa kuwa chumvi ina sodiamu ileile inayomeza mwanga wa njano wa taa, ukaweka kivuli cheusi ukutani. Tukiwasha sumaku, mistari ya moto ingepasuka isilingane tena na ya taa, mwanga wa taa upite, kivuli kififie.

Hakikufifia. Mkaguzi akachukua kofia yake. Sista akachungulia kijiko cha chumvi nilichoshika, akanitazama.

"Wewe bado unatia chumvi samaki," akasema. "Umeujaza moto mpaka mwanga hauna pa kupita. Punguza, uanze upya."

Kumbe! Kwetu ziwani, ukibania chumvi samaki wanaoza, na mkono wangu haukujua kipimo kingine. Machozi yalinilenga, lakini nilifuta kijiko, nikachukua chembe chache tu, nikamwomba mkaguzi asubiri. Tukawasha. Kivuli kikapauka mbele ya macho yetu, kikarudi tulipozima, kikapauka tena. Wasichana wakapiga vigelegele. Mkaguzi akaomba awashe mwenyewe, akawasha na kuzima mpaka sumaku ikapata moto. Fizikia ikabaki, nami nikaifundisha mpaka nilipostaafu. Najivunia, sifichi.

Basi mwanangu, jaribio likikataa, usilitukane wala usijitukane. Angalia mkono wako umezoea nini, ubadilishe hicho, kisha urudie mbele ya hao hao waliokuona ukishindwa. Mungu akujalie macho makali na moyo wa kurudia, na siku utakayofaulu, akupe sauti ya kufurahi bila kuona haya.