Majibu ya Mama Bobini

Mama mkubwa wangu ni fundi cherehani, na simsifu kwa sababu tu ni dada ya mama. Mletee cherehani iliyokaa stoo miaka kumi, imeota kutu, buibui wamehamia. Atalizungusha gurudumu mara moja, atatega sikio, kisha atakutajia ugonjwa wake kabla hujamaliza kueleza. Kazi amejifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga, tangu cherehani yake ilipomgomea na fundi mmoja akamzungusha njoo-kesho mwezi mzima. Cheti hana. Mdomo anao.

Mtandaoni wanamwita Mama Bobini, kwa jina la kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini wa cherehani. Alijiunga na jukwaa moja la mafundi cherehani miaka kumi na moja iliyopita, na tangu hapo kila aliyekwama huko alimsubiri yeye. Shida ni kwamba macho yake na mwanga wa simu havipikiki chungu kimoja. Kwa hiyo kila Ijumaa alikuja dukani kwangu. Nina duka la steshenari, printa mbili, na kiti kimoja kibovu ambacho hakikaliwi na mtu ila yeye. Namchapia mijadala ya wiki, anaenda kuisoma nyumbani kwa miwani na kalamu nyekundu, anaandika majibu pembeni, na Jumamosi ananisomea nami namwandikia jukwaani. Kazi ikiisha, karatasi zile anazifungia sindano na skrubu za wateja, kwa hiyo hakuna hata moja iliyobaki.

Sasa, mwezi uliopita yakaja mambo mawili kwa mkupuo. Chuo cha ufundi kilitangaza nafasi ya mwalimu wa kutengeneza cherehani, awe na cheti au ushahidi wa kazi ya miaka kumi. Na jukwaa nalo likatangaza kwamba mwisho wa mwezi linafungwa, kila kitu kinafutwa. Mama mkubwa ni mtu ambaye ukimuuliza anataka nini, anakwambia ametosheka. Siku hiyo alikaa kwenye kiti chake akaniambia kwamba tangu akiwa msichana ametamani kusimama mbele ya ubao, na kwamba ushahidi wake wote uko mle jukwaani.

Nikamwambia aniachie mimi. Mimi nikishika kazi nakimbia, wateja wangu wanalijua hilo. Siku moja kabla jukwaa halijafungwa, nilihifadhi mijadala mia mbili na kumi aliyojibu, nikaichapa yote, nikatoboa, nikafunga vitabu vitatu vyenye majalada ya plastiki. Alivipokea kwa mikono miwili. Hakutaka hata kuvifungua, eti vidole vyake vina mafuta. Akavifunga kwenye kitambaa safi akaviweka kusubiri siku ya usaili.

Siku ilipofika nilimsindikiza, nimebeba vitabu kifuani. Mkuu wa chuo, mzee mmoja mpole wa sauti nzito, akaturuhusu tuingie wote wawili. Alifungua kitabu cha kwanza, akasoma, akafunua, akasoma tena, akafunua kurasa tatu kwa mpigo. Kisha akavua miwani.

"Mama, maswali nayaona. Majibu yako wapi?"

Nikachungulia. Jamani. Jukwaa lile lilikuwa na tabia ya kukunja jibu refu. Unaona mstari mmoja au miwili, halafu maneno "soma zaidi", na usipoyabonyeza jibu halifunguki. Kila Ijumaa nilikuwa nabonyeza. Siku ile, kwa kiherehere changu, sikubonyeza hata moja. Na mama mkubwa kufupisha maneno hajui, kwa hiyo majibu yote mia mbili na kumi yalikuwa yamebaki vichwa bila viwiliwili. Jukwaa lenyewe halipo tena. Nikafunua kitabu cha pili na cha tatu, hali ni ileile.

Mama mkubwa akanitazama. Akamgeukia mkuu.

"Soma swali lolote. Majibu ninayo."

Mkuu akasita, kisha akasoma. Mtu analalamika kwamba uzi unajikusanya chini ya kitambaa kama kiota. Kwenye karatasi jibu lilianza, "Usiilaumu bobini, ndugu yangu, haijakukosea," likaishia hapo. Mama mkubwa akaendelea palepale. Tatizo liko juu, akasema, uzi umepitishwa wakati mguu ule unaokandamiza kitambaa uko chini, ndiyo maana haukubanwa. Inua mguu, pitisha uzi upya. Swali lililofuata lilikuwa la cherehani iliyokuwa nzito kama jiwe. Hiyo imenyweshwa mafuta ya kupikia, akasema, na mwenyewe atakana, msimwamini. Isafishwe kwa mafuta ya taa, ikauke, ndipo itiwe mafuta yake. La tatu, la tano, la tisa, yote akayamaliza. Katibu aliyeleta chai akasahau kutoka. Nami nikajikuta natabasamu peke yangu kama mwehu.

Baada ya la kumi mkuu hakusoma tena. Alifunga kitabu, akasema nyumbani kuna cherehani ya mama yake. Gurudumu linazunguka, sindano haiendi. Iko hivyo miaka sita sasa, na fundi alishasema ni ya kutupa. Mama mkubwa akauliza kama iligoma wakati bibi huyo anajaza uzi kwenye bobini. Mkuu hakujua, kwa hiyo akampigia mama yake, akaweka simu mezani ili wote tusikie. Bibi akasema ndiyo, alikuwa anajaza bobini, akaitwa nje, na aliporudi cherehani haikushona tena.

Mama mkubwa akaiinamia simu.

"Shikamoo, mama. Katikati ya gurudumu pana kifungo kikubwa cha duara. Ulikilegeza ili ujaze bobini, ukasahau kukikaza. Kikaze kwa mkono, halafu jaribu."

Tulisikia kiti kikiburutwa. Kisha mlio mmoja mfupi, mwingine, halafu ikaanza kukimbia bila kusimama, na bibi anacheka juu yake na kumwita mkuu wa chuo Kitumbo, jina ambalo nadhani halikuwa la kusikiwa na sisi. Mkuu mwenyewe alikuwa anapangusa macho.

"Mama, nitakupigia baadaye," akasema. "Niko na mwalimu wetu wa cherehani."

Chini ya meza, mama mkubwa alinishika mkono akaubana hadi vidole vikaniuma.