Mwonja Maji ya Jakuzi

Fundi anayehamisha majakuzi, yale mabeseni makubwa ya kuogea maji moto, hapa Duluth si msemaji. Hugonga ukingo kwa vidole kama anayebisha hodi. Alipokwisha kumwaga maji ya jakuzi letu aliinama, akatia mdomo kwenye bomba na kuyavuta yaliyosalia, yasije yakaganda na kulipasua bomba njiani, maana jakuzi tulikuwa tunampa binti yetu. Alitema kwenye theluji, akalamba midomo.

"Mama, nani hapa anajichua kwa kafuri?"

"Verlyn, mume wangu. Lakini daktari kamkataza maji moto tangu moyo umsumbue. Mwaka mzima hajaingia."

"Kafuri ya jana haina ladha. Hii ni ya leo."

Nilimgeukia Verlyn. Alikuwa akikagua mawingu, masikio mekundu.

"Usimgombeze," fundi akasema, akivaa glavu. "Kila nyumba ina mmoja anayeingia kuliaga jakuzi."